Marehemu Anadai Chumvi

Tangu aolewe, mama hakuwahi kutia tonge mdomoni kabla baba hajaanza. Mji wetu wa Élisabethville ulitembea kwa king'ora: kile cha karakana ya reli kilipolia saa sita, bukari, ugali wetu, ilikuwa mezani, na mama amesimama mlangoni akiitazama njia ya vumbi jekundu. Baba alinawa, akaonja, akalalamikia chumvi. Hapo ndipo mama naye alikula.

Tulipomzika baba, king'ora hakikuambiwa. Kesho yake kililia. Mama akapika, akaweka sahani ya baba, akangoja. Bukari ikapoa, ikawa ngumu, kuku wakala. Ikawa hivyo siku tano. Padri alimsihi, shangazi akamkemea. Mama aliwajibu kwa upole, kama anayeeleza jambo dogo:

"Mwenye kuanza hayafika bado."

Mikono yake ilibaki ngozi na pete. Niliogopa tutachimba kaburi la pili kabla udongo wa la kwanza haujakauka.

Siku ya sita alikuja fundi cherehani mmoja, mtani wa baba. Kwetu, watu wa upande wa Mitwaba, ukoo wake na wetu hutaniana hata msibani. Mtani ana ruhusa ya kumwiga maiti, na kumkasirikia ni mwiko. King'ora kilipolia, aliichomoa kofia ya baba msumarini, akaivaa, akaketi kwenye kiti cha baba, akanyoosha mikono anawishwe.

"Toka kwa kiti ya bwana yangu!" mama alisema.

"Mama ya batoto, nimetoka mbali. Na ile sanduku yenu ilikuwa mufupi, mulinikunja magoti. Leta maji."

Shangazi alijiziba mdomo. Mimi, Mungu anisamehe, niliyatazama magoti yake.

Akamega tonge, akatafuna, akakunja uso vilevile kama baba.

"Chumvi iko wapi?"

Mama aliruka. "Miaka yote chumvi, chumvi! Kule kwenye ulienda, banakupikia muzuri kunipita?"

"Kule? Kule banatupa uvumba tu, asubuhi na mangaribi."

Kicheko kilimtoka mama kama kikohozi, kisha kikageuka kilio ambacho hakukilia hata makaburini. Na huku analia, mkono wake ukaenda kwenye sahani. Aliyepaswa kuanza alikuwa ameanza.

Marehemu alirudi siku nne mfululizo. Alinenepa. Shangazi akazoea kumwuliza habari za jamaa waliotangulia, naye akazileta, nyingi zikiwa malalamiko. Siku ya mwisho aliitundika kofia msumarini.

"Leo ninakufa tena. Suruali za bazungu zinaningojea kwa mashini."

"Kufa basi," mama alisema. "Na kule usiseme nilikunyima kuku."

Kesho yake king'ora kililia. Mama aliweka sahani moja, yake. Akanawa. Akautazama mlango kwa muda mrefu kuliko nilivyoweza kuvumilia. Kisha akaonja, akakunja uso, akanigeukia.

"Leta chumvi."