Choo kisafi kuliko vyote Ikonge, na hakuna aliyekiingia

Wakuu, salamu kutoka Nyamira. Mimi ni nyanya yenu. Macho yamechoka, kwa hivyo nasema na mjukuu anabonyeza simu. Sitaongeza chumvi, maana hata ile ya jikoni daktari alishanikataza.

Miaka ya hamsini nilikuwa nimeolewa juzijuzi hapa karibu na Ikonge. Mume wangu alikuwa kibarua wa majani chai kule Kericho. Bomani tulibaki mimi, wakwe zangu na binti yangu mdogo, Kemunto.

Ugonjwa wa kuhara damu ukaingia. Watoto walizikwa, na hakuna aliyejua kesho ni zamu ya nani.

Bwana afya akaja na amri: kila boma lichimbe choo.

Baba mkwe akachimba, akakiezeka nyasi vizuri kuliko jiko langu. Siku ya inspection askari wa chifu akakisifu kwa usafi.

Kingekosaje kuwa safi? Hakuna aliyekitumia!

Vijana mtacheka. Lakini sisi Abagusii tuna ensoni, ile heshima kali kati ya mzee na mke wa mwanawe. Mimi niingie choo anachoingia baba wa mume wangu? Afadhali nife. Naye vivyo hivyo. Choo kikakaa pale kama mgeni wa heshima, sisi tukaendelea na vichaka vya juu ya chemchemi tuliyochota maji.

Basi Kemunto akaanza kuhara damu.

Zahanati wakampa dawa, wakaniambia nichemshe maji. Wakanionya pia: vichaka vile vikiendelea kutumika, ugonjwa utamrudia, na mara ya pili hatapona.

Nilirudi nikilia. Nitamwambiaje baba mkwe habari za choo? Nikamwambia mama mkwe. Akajifunga leso, akaelekea kwa mumewe.

Kulipopambazuka nikasikia jembe nyuma ya nyumba yangu. Alikuwa baba mkwe, mzee wa mvi, yuko ndani ya shimo hadi kiunoni, anamchimbia mke wa mwanawe choo!

Wakuu! Sikuwahi kuona wala kusikia jambo kama lile.

Wazee wa ukoo wakaja mbio. "Wewe mzee, unatuletea laana!" mmoja akafoka.

Hakuacha kuchimba. "Ensoni ni ya watu walio hai," akajibu. "Huyu mtoto akikufa, nitamwonea nani haya?"

Yule aliyefoka akavua koti, akashuka shimoni kumpokea jembe. Baada ya hapo maboma mengi yakachimba vyoo viwili.

Kemunto alipona. Siku hizi ana wajukuu.

Nilichojifunza ni kwamba watu hawakatai ushauri wa afya kwa ujinga tu. Mara nyingine ushauri unagongana na kitu wanachokiheshimu, na inabidi mtu mzito akubali kuaibika kwanza.

Nilimpikia mzee ugali wa wimbi hadi alipofariki, lakini jambo lile halikutamkika kati yetu. Sikuwahi kumwambia asante. Leo namwambia, mbele yenu wote.

Kwenu nani alikubali kuaibika kwanza? Semeni, mjukuu atanisomea.