Chupi Iliyomezwa na Mto

Juzi mjukuu wangu kaja kutoka Makambako, nikampeleka mtoni kwetu, pale maji yanapoingia kwenye shimo la mawe ya chokaa na kupotea. Akatupia jani, akauliza, "Bibi, linaenda wapi?" Nikacheka mpaka nikakaa chini.

Nilipokuwa mdogo kama yeye nilidhani mto unaishia pale pale, mizimu inayanywa maji. Shimo lilikuwa linabugia, glugu glugu, kama babu na pombe yake ya ulanzi. Basi mchana mmoja nafua, mikono inanuka sabuni, chupi yangu ikaponyoka. Mama alinishonea kwa mfuko wa unga wa ngano, maandishi mekundu yako matakoni. Shimo likaimeza. Nikasema haya, mizimu nayo ivae.

Jioni nikaenda na mama kuchota maji chemchemi, kule bondeni. Wanawake wamejaa. Mmoja kainua kitu kwa kijiti, kinachuruzika. "Jamani, hii ya nani? Imetokea humu chini ya mawe!"

Maandishi mekundu! Uso ukaniwaka, nikajificha nyuma ya mama. Kumbe maji ni yale yale, yanapita chini kwa chini.

Mama, na mwili wake ule wa kujaa mlango, akanyoosha mkono. "Lete, ni yangu."

"Yako wewe? Unavaa kidoleni?"

"Inanibana kidogo tu."

Walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mama akaifunga kwenye pindo la kanga, akanitwisha ndoo yangu. Kuchekwa mimi ningevumilia. Kuchekwa mama kwa ajili yangu, aa, mpaka leo nikifua nguo ndogo naishika kwa mikono miwili.