Vazi la Bati la Issa

Ipo siku moja ya likizo ambayo mpaka leo ikinijia kichwani naacha ninachokifanya, mwanangu. Nakuhadithia wewe kwa sababu nimeuona mchezo wa mashujaa unaoutunga kwenye kompyuta, na nimeona umefika mahali pa kuwavisha mavazi ya vita.

Na sisi tulikuwa na mchezo wetu. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, tunasoma sekondari Nachingwea. Rafiki yangu Issa alisikia kwa binamu yake wa Dar es Salaam habari za mchezo wa kusimulia: mmoja anasimulia safari, wengine kila mtu ni shujaa, na dadu ndiyo inayoamua nani kapigwa. Kitabu chake hatukuwa nacho, kwa hiyo Issa akatunga kanuni mwenyewe. Ngozi inakukinga kidogo, chuma kinakukinga sana. Basi. Wengine wote wakavaa chuma mchezoni. Mimi nilivaa ngozi kwa ubishi tu, na nilikufa kila mara.

"Chuma ni kizito," nikamwambia. "Mtu aliyevaa hivyo anakimbiaje?"

"Umeshindwa, sasa unatafuta sababu," akajibu.

Likizo nikaenda naye kwao Matambarale, huko Ruangwa, ambako nguruwe pori walikuwa wanamaliza mihogo ya mjomba wake, Mzee Chilumba. Ubishi wetu ukahamia shambani. Issa akachukua mabati chakavu, akayakunja, akayafunga kifuani na mgongoni kwa mipira ya baiskeli. Akasema atalinda shamba akiwa amevaa hivyo, nione mwenyewe. Kila akipiga hatua alilia kama debe. Nilicheka sana.

Alasiri ile nguruwe dume akatoka kichakani. Tulidhani kelele za mabati zitamfukuza. Alimjia Issa moja kwa moja, akampiga kifuani. Na bati lilikinga, mwanangu, jino halikupita. Lakini Issa alianguka chali, na alipoanguka hakuweza kuinuka. Bati la mgongoni lilikuwa limejikunja na kumbana. Akawa anarusha miguu hewani. Nguruwe akarudi, akampasua paja, pale ambapo hapakuwa na bati.

Mimi nilikuwa na mkuki mkononi, alionipa mzee wa kulindia shamba, na nilisahau kuwa ninao.  Mzee Chilumba ndiye aliyekuja mbio na mbwa wake, nguruwe akakimbia.

Tukampakia Issa kwenye baiskeli hadi zahanati, mzee anasukuma, mimi nimekandamiza shati langu pajani kwake, damu inapita katikati ya vidole.  Issa alipokwisha kushonwa, mzee akamuuliza kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kama angegomba:

"Kabla hujaenda kusimama mbele ya mnyama, ulijaribu kuanguka nalo hilo bati?"

Issa akatikisa kichwa.

"Hata mara moja?"

"Sikufikiria kuanguka, mjomba."

"Sasa mtu anavaa kitu cha kujikinga, halafu hafikirii kuanguka?"

 Mimi niliinama, nikaanza kujifuta damu vidoleni.

Issa alipona, ingawa mguu ule ulibaki mgumu. Shule zilipofunguliwa alichana kanuni zake bila kuambiwa na mtu. Katika kanuni mpya, chuma kilikukinga vilevile, lakini huogelei nacho, hujifichi nacho, na ukianguka unapoteza zamu yako ukijiinua. Mchezo ukanoga, maana sasa kila mtu alikaa akafikiri avae nini, na kwa safari ipi.

Kwa hiyo, mwanangu, kila vazi unalompa mchezaji, mwambie linampa nini na linamnyima nini. Usiweke moja linaloshinda yote, kwani hapo humpi chaguo, unamdanganya. Na kabla hujamvisha mwenzako, livae wewe kwanza, ukimbie nalo, uanguke nalo.

Mungu akupe subira katika kazi yako, akupe marafiki wa kukubishia ukiwa bado mzima, na mikono yako isiwe sababu ya mtu kuumia. Amina.