Mama Vitambaa Haendi Mezani

Mimi na wifi yangu tulijaribu kugombana mwaka wa kwanza alipokuja kwa kaka yangu, kama mawifi wanavyotarajiwa, ikatushinda. Yeye hajui kujibu, na mimi nikigombana na mtu asiyejibu nachoka haraka. Basi tukawa mashoga, marafiki wa kweli. Nikamvuta kanisani kwetu, kanisa la Kianglikana lililo nyuma ya soko, nikidhani atakuja Jumapili mbili tatu kunifurahisha, kisha atatafuta visingizio. Wapi! Alipoingia hakutoka tena.

Sasa pale kanisani wanamwita Mama Vitambaa. Kila Jumamosi asubuhi anafungua kile chumba cha nyuma yanapotunzwa majoho ya padri, anatoa vitambaa vya madhabahu, anavifua, anavipiga pasi, anatandika. Majira ya kanisa ya rangi ya zambarau anayajua, ya rangi nyeupe anayajua, na ukitandika kijani siku ya nyekundu atakitoa kimyakimya bila kukuaibisha. Kile kitambaa kidogo cha kufutia kikombe cha Ushirika anakifua peke yake, kwa mkono, na maji yake ya kwanza hayamwagi kwenye karo. Anayapeleka nje kwenye maua, kwa sababu kimefuta divai iliyobarikiwa, na kitu hicho hakiendi kwenye mtaro wa maji machafu. Akikuta alama ya rangi ya mdomo, ananitazama mimi.

"Si mimi," nasema.

"Sijasema kitu, wifi," anajibu, huku anasugua.

Haya, sasa sikiliza jambo lenyewe. Mtu huyu anayeiandaa Meza ya Bwana miaka nenda miaka rudi, hajawahi kula mezani hapo, ingawa kipaimara, kinachomruhusu mtu kupokea, anacho. Kwetu, anayeishi kwenye ndoa isiyofungwa kanisani hapokei Ushirika. Na kaka na wifi walioana nyumbani: wazazi wa pande zote mbili walikuwepo, watu wakala wakashiba, wakarudi makwao. Kwa hiyo padri akitualika tusogee, benchi letu zima linainuka, wifi anabaki peke yake, mikono mapajani. Tukirudi anatutabasamia. Tabasamu lile lilikuwa linaniudhi, nasema kweli, kwa sababu nilijua lina nini ndani. Siku moja tukifagia, alinishika mkono akasema, "Wifi, mimi ningependa kupokea. Hata mara moja tu, kabla sijafa."

Tatizo lilikuwa kaka yangu. Ni fundi seremala, hodari, na mkaidi kupita kiasi. Alibatizwa mtoto, lakini mafundisho ya kipaimara aliyakimbia akaenda kujifunza kupiga randa, na tangu hapo ibadani haonekani. Mimi ananiita Kengele. Sababu sitaeleza.

Nilikuwa namfuata karakana kwake, katikati ya mbao na makopo ya gundi, namwambia, "Kaka, funga ndoa kanisani."

"Nimeshaoa."

"Ufunge tena, kanisani."

"Nina wajukuu, Kengele. Unataka nivae suti, mwenzangu avae shela, tukate keki kama watoto? Mtaa mzima utacheka."

"Watacheka, wakichoka watalala."

"Basi waambie wakalale sasa hivi," anasema, anawasha mashine ya kupasulia mbao, na mazungumzo yanaishia hapo. Ilikuwa hivyo kila mara. Nilikuwa narudi nyumbani na vumbi la mbao kichwani na hasira kifuani, nawapigia kelele watu wasio na kosa.

Lakini tusimwonee. Ibadani haji, ila chochote cha mbao pale kanisani ni kazi ya mikono yake, na hajawahi kudai malipo. Mabenchi, mlango mkubwa, meza ya mafundisho ya watoto, vyote yeye. "Kanisa ni la mke wangu," anasema. "Mlango wake ukikwama, aibu ni yangu."

Basi mwaka huu mchwa wakaingia kwenye ule uzio mfupi wa mbao ulio mbele ya madhabahu, pale tunapopiga magoti kupokea. Jumapili moja mzee wa kanisa, ambaye Mungu hakumnyima mwili, aliuegemea ili ainuke, ukaitika kwaa! Kanisa zima tuliinamisha vichwa tukijifanya tunasali. Padri wetu, kijana mgeni hapa, akauliza nani atautengeneza. Wifi akasema, "Mume wangu."

Kaka alikuja Jumamosi, tukiwa tunafanya usafi. Wifi alikuwa anapiga pasi karibu na madhabahu, mimi na fagio langu. Kaka akakata sehemu iliyooza, akaunga mbao mpya, akasugua msasa mpaka huoni ilipoungwa. Kisha akapiga magoti mwenyewe kupima kimo, penseli sikioni.

"Mama watoto," akaita, "wewe huwa unakaa upande gani hapa? Nataka nipalainishe vizuri unapoweka mikono."

"Lainisha popote tu," wifi akasema, pasi haikusimama.

"Popote ndio wapi? Nionyeshe."

Wifi akaisimamisha pasi. "Mimi sipigi magoti hapo."

"Magoti yanakuuma?"

"Hapana."

"Sasa?"

Wifi akanitazama mimi. Nami uvumilivu ukaniishia hapo hapo. "Haruhusiwi!" nikasema. "Hamjafunga ndoa, kwa hiyo hapokei Ushirika. Mkate hapewi, kikombe hapewi. Mambo hayo hayo ninayokupigia kelele miaka yote!"

Kaka akainuka taratibu. "Hukuniambia hayo."

"Sikukuambia? Kila nikija karakana nakuambia nini?"

"Unaniambia nifunge ndoa. Hujawahi kuniambia kwa nini."

Jamani! Kwetu jambo hili linajulikana na kila mtu, kwa hiyo hakuna anayelitaja. Mimi nilidhani anajua. Padri aliyepita alidhani anajua. Wanakwaya walimsema kwamba ana moyo mgumu, wakidhani anajua. Na mtu ambaye hakanyagi ibadani angeliona wapi?

"Mimi nilidhani mnataka shela na keki," kaka akasema. Akamgeukia mkewe. "Miaka yote hii unawafulia, unawatandikia, halafu hawakupi?"

"Si kwamba hawanipi. Ni utaratibu."

"Na wewe mbona hukusema?"

"Ulisema hutaki."

"Nilisema sitaki suti!" Sauti yake ikajaa kanisa zima. Wifi akachukua kitambaa alichokwisha kukikunja, akakikunjua, akakikunja upya.

Kaka alitoka na maranda ya mbao kwenye suruali, akaenda moja kwa moja nyumba ya padri. Mimi nikamfuata, nani angekubali kubaki? Alisimama mlangoni akauliza kufunga ndoa kunataka nini. Padri akamwambia itatangazwa Jumapili tatu, kisha watafunga ndani ya ibada ya kawaida.

"Suti?"

"Si lazima."

"Keki?"

"Ukipenda."

"Sipendi," kaka akasema. "Tangaza."

Basi ikatangazwa. Padri alisoma kwamba watu hawa wawili wanakusudia kuoana, na mwenye kujua kizuizi chochote aseme. Watu wenye wajukuu! Kanisa likaangua kicheko, wifi akaficha uso kwenye kitabu cha nyimbo. Mimi niligeuka nyuma nikayakagua mabenchi, moja baada ya jingine. Hakuna aliyethubutu hata kukohoa.

Siku yenyewe kaka alikuja na shati safi lililopigwa pasi na mnajua nani. Alipoulizwa kama anamkubali mwanamke huyu, alisema, "Ndiyo, tena nilishamkubali zamani." Padri akamwomba ajibu kama ilivyoandikwa. Akajibu kama ilivyoandikwa, akiwa amekunja uso, lakini nilimwona anamshika wifi mkono kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa.

Ushirika ukafika. Kaka, kwa kuwa hana kipaimara, ilibidi abaki kwenye benchi. Niliwaambia wengine watangulie, nikabaki naye kidogo, maana simwamini hata kidogo. Angeweza kusimama akatoa hotuba. Wifi akaenda peke yake. Akapiga magoti, akatandaza mikono, mmoja juu ya mwingine. Padri akamwekea mkate. Kikombe kikaja, akanywa. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika.

Kaka akanyanyuka nusu. "Analia. Kwa nini analia?"

"Kaa chini. Ana furaha."

Akakaa. Alimtazama mkewe muda mrefu, na mimi nikamtazama yeye.

"Kengele," akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo, "kumbe ni kitu kidogo hivi? Kupiga magoti tu na kupewa kipande cha mkate?"

"Ni hivyo tu, kaka."

"Na hakuniomba." Akajifuta uso kwa mkono wa lile shati safi. "Aliona nitamkatalia."

Nilitaka kumwambia hapana. Lakini tulikuwa kanisani, na ingekuwa uongo, nikampa leso yangu.