Mpishi wa waandishi na nusu ya hadithi iliyovushwa maji

Saa nne asubuhi, Jumamosi, mvua inanyesha kwa ubavu na Raonaid MacKinnon anapanda kilima akisukuma toroli. Ndani ya toroli mna sufuria ya supu ya kondoo iliyofungwa blanketi, vikombe na mikate. Ana miaka 68, na goti lake la kulia limeacha kumsikiliza siku nyingi.

Juu, kwenye magofu ya vibanda vya wachungaji, watu kumi na mmoja wamekaa juu ya mawe na makoti yao ya plastiki. Ni waandishi. Wamelipa pauni 900 kila mmoja kukaa wiki moja ya vuli hapa kisiwani, kijiji cha Gearraidh Ruadh, wasikie ngano za Wagaeli, wenyeji wa visiwa hivi, na waandike wakiwa katikati ya majani na upepo. Asubuhi hii wameambiwa wayasikilize mawe.

"Yamesemaje?" Raonaid anauliza huku akipakua.

"Bado," anajibu mwanamume mmoja, ndevu zikimchuruzika maji.

"Mimi nimezaliwa hapa, hayajanisemesha hata siku moja. Labda yananichukia. Kunywa, baba, kabla na wewe hujawa jiwe."

Wanacheka. Yeye hacheki sana. Anatazama upande wa bahari, kule kivuko kilikotakiwa kutokea jana, na hakikutokea.

Kambi hii hufanyika katika jengo lililokuwa shule yetu ya msingi. Wakubwa waliifunga shule kwa sababu watoto walibaki wanane. Baadaye wakaona jengo linafaa, watu wa mbali waje kulipia hadithi ambazo watoto wale wanane wangezipata bure.

Raonaid hupika, hufagia na kutandika vitanda. Analipwa pauni kumi na mbili na ushee kwa saa, wiki sita kwa mwaka. Kusimulia si kazi yake. Msimulizi huletwa kutoka mjini, na ana shahada ya kusimulia.

"Kijana mzuri," anasema Raonaid. "Ana hadithi nyingi na zote zina mwisho. Mimi ninayo moja, na ni nusu."

Hiyo nusu anaijua neno kwa neno. Vuli imefika, kijiji kizima kinashusha ng'ombe kutoka malisho ya juu, lakini ng'ombe mwekundu wa msichana mmoja haonekani. Msichana anabaki peke yake kibandani amngoje. Jioni ya kwanza mlango unagongwa. Ni bibi kizee, nywele zinadondosha maji na mvua hakuna, anaomba moto. Jioni ya pili anaomba maziwa. Jioni ya tatu anaomba jina la msichana.

"Hapo ndipo baba alipokuwa akisema, watoto, kitandani," anasema Raonaid. "Kilichobaki kilikuwa cha kutisha. Kaka yangu Eachann alikuwa mkubwa, yeye alibaki. Sisi wadogo tulilala tumejifunika mpaka kichwani."

Hadithi hiyo ina jioni tano, na haianzi mpaka ng'ombe waingizwe zizini. Kiangazi hakuna anayethubutu kuigusa, maziwa yatakauka. Na mwenye hadithi akiwa hai, mwingine haisimulii. Ilikuwa ya baba, ikawa ya Eachann.

Raonaid alipofika umri wa kuachwa aketi na wakubwa, alipelekwa bweni la shule ng'ambo ya maji, bara, kwa kuwa kisiwani hapakuwa na sekondari. Hapakuwa nayo kwa sababu waliokaa ofisini hawakutaka iwepo.

"Nilirudi kiangazi, na kiangazi hakuna hadithi. Krismasi nilikuta imekwisha kusimuliwa. Miaka sita hivyo. Kisha kiwanda cha samaki, kisha ndoa, huko huko ng'ambo."

Alirudi miaka kumi na minane iliyopita, akakaa ukuta kwa ukuta na Eachann. Hakumwomba.

"Uvivu, nini, sijui. Kila vuli nilisema, vuli ijayo. Tulikuwa tunaangalia mpira. Nilidhani yupo tu."

Majira ya kuchipua ya mwaka juzi Eachann, sasa mwenye miaka 81, alipata kiharusi. Mwaka huo huo makao ya wazee ya kisiwani yalifungwa kubana matumizi. Akalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, akavushwa maji kwa kivuko, safari ya saa tano, akatiwa kwenye makao ya mji ambao hajawahi kuupenda. Anayeandika haya alimvusha mkewe kwa njia hiyo hiyo, na akamrudisha ndani ya jeneza, kwa hiyo hana haja ya kusimuliwa. Waliotia sahihi makao yafungwe walikuwa wamelala kwao.

Kiharusi kilimnyang'anya Eachann Kiingereza chote. Kikamwachia Kigaeli, lugha ambayo hakuna mfanyakazi hata mmoja wa makao yale anayeijua. Kwenye faili lake wakaandika kwamba nyakati za jioni mzee anaropoka.

Aliyegundua kwamba haropoki ni muuguzi msaidizi anayeitwa Jincy, mama wa watoto wawili kutoka Kerala, kusini mwa India. Mwishoni mwa Oktoba alimpigia simu Raonaid.

"Mama, samahani, nataka kukuuliza kitu," alisema. "Kaka yako anazungumza kila jioni, saa ile ile, kama nusu saa. Siku ya sita alirudi kwenye maneno ya siku ya kwanza. Mtu anayeropoka hahesabu siku, au siyo?"

"Anasema nini?"

"Mimi sijui. Ila mwanzo nimeushika kwa sikio. Ngoja." Na Jincy, bila kuelewa hata neno moja, akautamka mstari wa kwanza wa hadithi ya ng'ombe mwekundu.

Raonaid anasema alikaa chini, kwenye sakafu ya jikoni, na kijiko bado mkononi.

Walikubaliana. Jumatano ya wiki hii ilikuwa zamu ya jioni ya tatu. Saa kumi jioni, maana vuli huku giza huingia mapema, Raonaid aliiweka simu katikati ya meza ya jikoni akaongeza sauti. Waandishi wanne waliokuwa wakimsaidia kumenya viazi waliacha visu.

Sauti ya Eachann ikatoka. Imechakaa lakini haijikwai. Moto, maziwa, kisha jina. Akafika pale ambapo watoto hutumwa kulala, akanyamaza.

Raonaid hakuweza kujizuia. "Halafu?" alipiga kelele. "Eachann, halafu?"

"Nani huyo?" mzee aliuliza.

"Mimi, Raonaid!"

"Acha uongo. Raonaid yuko shule." Akakohoa. "Wewe nani unayejificha ukutani? Unataka hadithi, ingia ndani ukae kama watu. Njoo kesho."

Simu ikakatwa. Waandishi waliuliza amesema nini, akawaambia. Mmoja wao, mwanamke wa Glasgow, alilia. Isobel Tennant, anayeendesha kambi, akaja na wazo.

"Raonaid, mpenzi, waandishi kumi na mmoja tuko hapa. Tutakutungia mwisho."

Na wakatunga. Jioni hiyo yalisomwa matoleo saba mbele ya moto. Katika moja bibi kizee ni mama wa msichana. Katika jingine ng'ombe ndiye anayeongea. Raonaid aliwasikiliza wote, akawamiminia chai.

"Yote mazuri," aliwaambia. "Wewe wa ng'ombe, umenichekesha. Lakini nyinyi mnatunga. Mimi nataka kujua kama yule mtoto alirudi nyumbani."

Alhamisi Jincy alisogeza simu tena. Eachann aliitazama, akafunga mdomo. Tangu siku hiyo hajasimulia. Ikifika saa kumi anageuza kiti, anautazama mlango. Jincy anasema chakula kimepungua pia.

Isobel, tumshukuru kwa hilo, alimpa Raonaid ruhusa siku hiyo hiyo. Ijumaa alfajiri alikuwa gatini na begi lake. Kivuko kimeharibika, wakamwambia. Katika safari sita za wiki mbili hizi kimekuja mara moja. Meli mpya tumeahidiwa tangu waliokuwa na nywele nyeusi hapa hawajaota mvi. Wanaoahidi husafiri kwa ndege.

Kwa hiyo amerudi kwenye sufuria yake. Waandishi wataondoka kivuko kikija, siku yoyote kitakayopenda. Tangazo lililobandikwa gatini linasema Jumatatu.

Mchana, akiosha vikombe, anaeleza mipango yake. Ana binamu huko mjini, atalala kwake. Atakaa wiki tatu, ikibidi nne, mpaka jioni zote tano zitimie, na kama Eachann ataanza upya, basi naye ataanza upya. Hatachukua kinasa sauti. Akiishika, vuli ile hadithi itakapokuwa yake ataisimulia hapa, jikoni, kwa yeyote atakayekuwa anamenya viazi.

Na kama mzee hatamtambua?

"Asinitambue. Si lazima anitambue, amenialika." Anaufuta mkono kwa aproni, anachungulia dirishani. Bahari ni nyeupe. "Alisema niende kesho, na hiyo kesho imeshapita. Jumatatu nitakuwa nimechelewa siku nne. Nitaingia, nitakaa, nitamwambia bahari ilinishika. Mtu wa kisiwa yule. Ataelewa."