Injini Iliyozimika Dakika ya Kumi na Mbili

Niliporudi Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, tasnifu yangu ya uzamili ikiwa imekataliwa na jopo, shangazi yangu hakuniuliza kilichotokea. Alinitazama nikila ugali wa muhogo na samaki kama mtu anayetimiza wajibu, akasubiri ninawe mikono, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba na kuondoa turubai lililofunika pikipiki yake.

"We musomi," alisema, "unajuaka kusoma kitabu ya mashini?"

Nilijibu kwamba kusoma najua. Aliridhika, ingawa swali lake na jibu langu havikuwa kitu kimoja.

Pikipiki ile alikuwa ameiendesha kwa zaidi ya miaka ishirini akipeleka chanjo milimani, sanduku la barafu likiwa limefungwa nyuma yake, na alipostaafu aliachiwa. Ni ya aina ambayo siku hizi haionekani tena mjini kwetu: injini ndogo isiyo na vali, inayokunywa petroli iliyochanganywa na oili na kutoa moshi wa buluu. Vijana wa teksi za pikipiki walipoiona walisema hiyo si ya fundi tena, ni ya wale wanaoyeyusha alumini kutengeneza sufuria.

Wanawe wanaishi Uvira. Tangu alipoteleza na kuumia nyonga, mkubwa wao alikuwa akimpigia simu kila Jumapili kumsihi ahame Baraka. Chumba kilikuwa tayari, na kitanda kimeshanunuliwa. Shangazi, ambaye hajawahi kulala katika nyumba ya mtu mwingine zaidi ya wiki moja, hatimaye alimwekea sharti: "Siku moto yangu itashindwa kupanda Fizi na kurudi, njo siku utakuja kunibeba." Moto kwetu ni pikipiki, na Fizi ni mji ulio juu mlimani. Mwanawe ni mtu wa kushika maneno. Alikubali, akataja Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Ikishindikana, Jumamosi angekuja na gari. Shangazi aliyasema hayo kwa sauti ya ushindi, huku pikipiki ikiwa imekaa miaka minne bila kuwaka na fundi wake pekee akiwa mimi.

Sikuwa katika hali nzuri ya kukabidhiwa maisha ya mtu. Kwa miezi minane nilikuwa nimepima kina cha maji visimani kwa kifaa ambacho hakikuwa kimesawazishwa. Kila kisima nilikipima mara mbili, na mara zote mbili nilikosea kwa kiasi kilekile. Jopo liliponiuliza, nilikilaumu kifaa. Mjumbe mmoja alisema kwa upole kwamba kifaa si mwanafunzi aliyesajiliwa katika chuo hiki, akaifunga nakala yake. Tangu siku hiyo nilikuwa nikirudi mlangoni mara tatu kuhakikisha nimefunga, na usingizi wangu ulikuwa umekatika vipande.

Kwa hiyo niliifungua injini ile kama mtu anayejitetea. Kila skrubu niliiandika daftarini, mahali ilipotoka na mizunguko niliyoihesabu. Pistoni mpya, pete zake, beringi na zile pete za mpira zinazozuia hewa kupita kandokando ya mhimili wa injini, ambazo mafundi wa kwetu huziita spi, vilitoka Bujumbura kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja. Spi zilikuwa mbili tu, moja kila upande. Nilizitia kwa uangalifu ambao sikuwahi kuutumia hata kwenye tasnifu.

Iliwaka kwa kiki ya tatu. Shangazi alitoka jikoni akiwa ameshika mwiko, akasimama ndani ya moshi, akafumba macho. Dakika ya kumi na mbili injini ilipiga chafya mbili, ikazimika.

Nilifungua kifuniko cha pembeni na kukuta platini, vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana ili umeme ufike kwenye buji, ile plagi inayotoa cheche, vimelowa utando wa mafuta. Nilivifuta kwa kitambaa. Iliwaka tena mara moja. Dakika ya kumi na mbili ikazimika tena.

Mtu mwenye akili tulivu angejiuliza mafuta yale yanatoka wapi. Mimi nilijiuliza ni vidole vyangu vipi vilivyoyaacha pale. Niliosha mikono kwa sabuni, nikafuta, nikawasha. Kumi na mbili. Nilisafisha kabureta. Nilibadilisha waya wa buji, kisha buji yenyewe. Nilichora jedwali lenye safu sita. Kila jaribio lilinipa dakika kumi na moja za matumaini, na moja ya kusimama nimeshika kitambaa. Jumatatu ya wiki ile ya mwisho, shangazi alipouliza kwa mara ya nne ugonjwa ni nini, nilisikia mdomo wangu ukimjibu kwamba petroli ni mbaya.

"Petroli ya mama wa hapa njiani?"

"Labda ana maji ndani ya chupa zake."

Sikuwa na ushahidi wowote. Shangazi alijifunga kitenge, akachukua fimbo yake, akaenda. Mama yule alikuwa amemuuzia petroli ya chupa tangu enzi za chanjo. Nilikuwa nimeketi nyuma ya nyumba, na bado niliwasikia.

"Weye, unaniuzishaka maji?"

"Maji? Maji iko kule ziwani, mama, ya bure. Bamoto yote ya Baraka inakunywaka hapa kwangu, ni ya kwako tu njo inakohoa?"

"Mutoto yangu alisoma. Alisema."

"Basi akuje aniambie miye."

Shangazi alirudi na chupa kutoka kwa muuzaji mwingine wa mbali, akaiweka mbele yangu. Niliitia. Nilisimama nikitazama saa ya simu. Ilipofika dakika ya kumi na moja na nusu nilianza kumwomba Mungu petroli iwe mbaya kweli, ombi ambalo hata wakati huo lilinishangaza. Ikazimika, na petroli ikawa haina kosa.

Usiku huo sikulala. Sina cha kusimulia kuhusu usiku huo zaidi ya hilo. Jumanne asubuhi nilimwambia shangazi kwamba kosa halimo ndani ya chupa, limo ndani ya kazi yangu, na kwamba sijui ni wapi.

Aliendelea kuchambua mchele. "Ulijua lini?"

"Toka jana. Labda toka juzi."

"Na ukaniacha niende kutukana mutu." Alipepeta ungo, akatoa jiwe. "Ita fundi wa kinga."

Kinga kwetu ni baiskeli. Fundi huyo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, hukaa mtaa wa pili na beseni lake la maji na pampu, na kazi yake tangu ujana ni kuziba matundu ya mipira. Nilimweleza shangazi kwamba mzee yule hajawahi kufungua injini.

"Weye ulifungua," alisema. "Ilituletea nini?"

Mzee alikuja, akaizunguka pikipiki bila kuigusa. Nilimsomea jedwali langu. Alisikiliza safu zote sita kwa adabu, kisha akauliza swali ambalo humuuliza kila mteja:

"Inapumuaka wapi?"

Nikaanza kumweleza. Katika injini ya aina hii, pistoni ikishuka huusukuma mchanganyiko wa petroli na oili ulio ndani ya tumbo la injini, ili upande juu. Kwa hiyo tumbo hilo lazima lizibwe kabisa, lisivuje... Hapo nikasikia nilichokuwa nikisema. Mzee alinitazama juu ya miwani.

"Basi ni mupira tu," alisema. "Muko na sabuni?"

Tulikata vipande vya mpira wa baiskeli, tukaziba tundu la moshi na tundu la kabureta, kimoja kikiwa na ile vali ndogo ya baiskeli ya kupitishia hewa ya pampu. Alisukuma pampu polepole, mkono mmoja, mwingine ukiwa juu ya injini kama anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Mimi nilipaka povu la sabuni ya mawese kila penye maungio. Kwenye silinda povu lilitulia, na chini, ambako nilikuwa na wasiwasi zaidi, likatulia pia. Tulipoondoa gurudumu la sumaku na nikapaka povu nyuma yake, kuzunguka mhimili, liliinuka taratibu, likafanya kiputo kikubwa kama jicho la ng'ombe, likapasuka. Kikafuata kingine.

"Njo pale," mzee alisema, akionyesha kwa kidole.

Spi ya upande ule nilikuwa nimeitia kinyume. Ina mdomo mwembamba upande mmoja, nao unapaswa kutazama ndani. Nakumbuka vizuri sana nilivyofikia uamuzi wangu, maana niliuandika: barabara ya Fizi ni ya vumbi, vumbi ni adui, adui yuko nje, hivyo mdomo utazame nje. Hoja ilikuwa na hatua nne na kila hatua ilionekana safi. Wakati wote huo injini ilikuwa ikitema mchanganyiko wake wa mafuta polepole juu ya platini, na ilihitaji dakika kumi na mbili kuzilowesha.

"Angalia mulango ya nyumba," mzee aliniambia, bila dharau. "Kama inafungukiaka ndani, bantu ya ndani bakiisukuma, inazidi kufungika. Weye uliweka yenye kufungukia inje. Bote banatoka."

Spi ilikuwa hiyo moja, na nyingine isingefika kabla ya Alhamisi. Mzee alipinda njiti mbili za gurudumu la baiskeli zikawa ndoano, akasugua ncha zake juu ya jiwe mpaka zikawa butu, akanikabidhi. Nilimwomba aitoe yeye.

"Mikono yangu inatetemekaka," alisema, akanyoosha vidole ili nione. Nami nikanyoosha vyangu. Alicheka, lakini hakuzichukua ndoano. Ilinichukua saa nzima. Ilitoka bila kuchanika. Niliigeuza, nikairudisha, tukapampu tena, na povu likakaa kimya juu ya chuma mpaka likakauka.

Jumatano injini iliunguruma dakika arobaini nyuma ya nyumba, mpaka shangazi aliponiamuru niizime kwa sababu nguo alizoanika zilikuwa zinanuka. Kisha alinipa chupa tupu. "Enda uijaze. Kwa yule mama wetu."

Mama wa petroli aliniacha nimalize maneno yangu yote ya kuomba msamaha, ambayo nilikuwa nimeyapanga njiani. "Sawa," alisema, akimimina. "Mi nilifikiriaka masomo inaondoaka uongo. Kumbe inaupanga tu muzuri."

Alhamisi tuliondoka asubuhi, shangazi mbele, mimi nyuma na mkoba wa vifaa. Alikuwa amevaa koti lake la kazini. Nyonga ilimfanya apande kwa kuinamisha pikipiki kwanza, kama anayepanda punda, lakini alipokwisha kukaa, mikono yake ilijua kila kitu. Dakika ya kumi na mbili ilitukuta kwenye mashamba ya muhogo. Sikuyaona. Nilikuwa nimeinamisha kichwa upande wa kulia nikisikiliza, na pikipiki ikafuata uzito wangu kwenda kulia. Alirekebisha. Nikainama tena.

Mwanzo wa mlima, penye daraja dogo, alisimama.

"Shuka."

"Shangazi, mlima ndio—"

"Unasikilizaka sana. Unanitia woga, na mi sikuwa na woga. Shuka, ukae hapa."

Nilishuka. Aliondoka kwa gia ya kwanza bila kugeuka. Nilisikia sauti ya injini mpaka kona ya kwanza, ikapotea, ikarudi juu zaidi, nyembamba, kisha nikabaki na mto tu. Simu haikuwa na mtandao. Nilijitahidi kutohesabu, nikahesabu. Kwenye mlima injini hubeba mzigo mkubwa zaidi, joto hupanda, mpira hulainika. Na ule mdomo wa spi niliuvuta kwa chuma. Nilifungua daftari nikitaka kuandika, nikalifunga.

Kijana wa teksi aliyekuwa akiteremka na mifuko ya mahindi alipunguza mwendo nilipompungia.

"Umekutana na mama mmoja, kwa moto ya zamani?"

"Ule wa moshi? Alinipita kwa kona, ananipigia klaksoni nitoke njiani." Alionekana bado ameudhika. "Ni nani kwako?"

Nilimwambia. Alitikisa kichwa, akaenda zake.

Lakini sharti lilikuwa kupanda na kurudi. Nilikaa kwenye ukingo wa daraja mpaka kivuli changu kikaingia chini ya miguu yangu na kuanza kutoka upande wa pili. Kila injini iliyoteremka nilisimama kuitazama, na kila moja ilikuwa ya mtu mwingine. Kisha nikamwona kwenye kona ya mwisho, koti likipepea, akija kwa kasi, na hapakuwa na sauti yoyote. Matairi yalisaga changarawe. Injini ilikuwa imezimika.

Nilianza kukimbia kumlaki, mkoba wa vifaa ukinigonga mgongoni, tayari nikitafuta kitambaa kwa mkono mmoja. Alifunga breki mbele yangu.

"Imekufa wapi?" niliuliza.

"Nini ilikufa?"

"Injini."

"Mutelemuko ya Fizi, nani anaiteremukaka na moto yenye kuwaka? Miaka ishirini na ngapi nilizima kule juu. Petroli ya serikali haikuwa mingi." Aliweka mguu wake mzima juu ya kiki, akaikanyaga mara moja. Ikawaka, moshi wa buluu ukatufunika wote wawili. "Nilimupigia ule wa Uvira simu toka kule. Alisema kitanda atakipa mutoto yake."

Nilipanda nyuma yake.

"Kaa wima," alisema.