Aliyetangulia Kuondoka

Saluni ilikuwa na viti vitatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na drai mbili ambazo moja ilikuwa pambo tu, maana iliacha kupuliza zamani. Kwenye kiti cha katikati alisukia mwanamke ambaye wateja walimwita Mwepesi. Jina kamili lilikuwa Mkono Mwepesi, na mgeni akilisikia alidhani anaelekezwa kwa mwizi, mpaka akae kitini. Wasusi wengine walivuta nywele hadi nyusi za mtu zikapanda. Huyu alisuka watoto wakasinzia.

Alikuwa mjane. Mumewe, mchomelea vyuma, aliugua mapafu akaisha taratibu kama mshumaa, akamwachia binti mmoja na mama mkwe. Waliishi watatu katika vyumba viwili juu ya duka la rangi, na harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja nao kila siku hata wakaacha kuisikia. Bibi na mjukuu wake walilala chumba cha nyuma. Mwepesi alilala cha mbele, ambacho mchana ndicho kilichokuwa sebule.

Baada ya msiba watu walitegemea kwamba yule mama atahamia kwa mwanawe mwingine, fundi wa mafriji aliyekaa mji wa mbali. Hakuhamia. Alisema mke wa mwanawe huyo ana maneno kuliko redio, na redio yeye anayo tayari. Basi akabaki, na kubaki kwake hakukuwa kwepesi. Chai ikiwa na sukari, alisema wanataka kumuua. Ikikosa sukari, alisema ananyimwa. Lakini Mwepesi akirudi kazini na miguu imevimba kwa kusimama kutwa, alikuta beseni la maji ya uvuguvugu limewekwa mbele ya kiti chake. Hakuna aliyelitaja beseni hilo. Lilikuwepo tu.

Dada yake Mwepesi alikuwa ng'ambo miaka mingi, na kila walipoongea kwa simu alimwambia aje, kazi ya nywele ipo, watu wa huko nao wana vichwa. Mwepesi alikuwa akicheka na kubadilisha mazungumzo. Siku alipoacha kucheka, sababu ilikuwa binti yake. Wakila chakula cha jioni, msichana alisema kwamba haoni haja ya kuhangaika na masomo ya sekondari, kwa kuwa mwenye kiti cha tatu pale saluni anataka kuacha kazi, naye anaweza kukichukua akakaa karibu na mama yake. Alisema kwa upendo, kama mtu anayetoa zawadi. Mwepesi alishusha kijiko. Kesho yake alimpigia dada yake akamwambia, "Nitakuja."

Jambo moja tu lilikuwa gumu. Mtoto angeweza kwenda naye. Mama mkwe hakuweza. Sheria za huko zilijua mume, zilijua mtoto, lakini mama wa mume aliyekufa hazikujua zimweke wapi. Dada mtu hakuona tatizo. Alimkumbusha kwamba yule mama ana mtoto wake wa kumzaa, tena mwanamume mwenye kazi, na kwamba Mwepesi amemtunza vya kutosha. Yote yalikuwa kweli. Pengine ndiyo sababu yalimchoma.

Alikuwa amedhani kwamba kuamua ni kama kutua mzigo. Kumbe ilikuwa kama kumeza mfupa: umeshuka, lakini bado unausikia ulipopita. Nyumbani kila kitu kilianza kumtazama. Vikombe kwenye kabati, alama za penseli mlangoni walizompimia binti kimo, koti la marehemu ambalo hakuna aliyethubutu kulitoa kwenye msumari. Akaanza kuwa mwema kupita kiasi. Alinunua mikate laini. Siku moja akaleta ndala mpya za manyoya. Mama mkwe alizigeuzageuza, akauliza nani amekufa.

Mara mbili alijaribu kumwambia. Mara ya kwanza taarifa ya habari ilikuwa hewani, akanyamazishwa kwa mkono. Mara ya pili bibi na mjukuu walikuwa wanacheka kitu mpaka bibi akashika mbavu, na Mwepesi akasimama mlangoni, maneno yamemjaa mdomoni, kisha akarudi jikoni kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Saluni ndiko alikozungumza na dada yake, nyuma, karibu na tangi la maji. Mwenzake wa kiti cha dirishani, ambaye wote walimwita Mama Pacha, alimsikia. Mama Pacha hakuwa mtu mbaya; alimpenda Mwepesi na alimkopesha hata kitana chake. Ila ulimi hauna mfupa, na pakacha halishiki maji. Alikutana na mama mkwe kwenye genge la nyanya akamshika mikono yote miwili, akampongeza kwamba mkwewe anapanda ndege, Mungu amewakumbuka. Bibi alikuwa ameshika nyanya. Aliitazama, akaiminya kidogo kuona kama imeiva, kisha akajibu, "Mimi ndiye niliyemwambia aende." Akalipa nyanya zake akarudi nyumbani.

Haya Mwepesi aliyajua baadaye sana. Jioni ile aliona tu mama mkwe akila, akisikiliza redio, akiilalamikia chai kama kawaida.

Siku zilizofuata bibi alianza kutoka asubuhi, jambo ambalo miguu yake ilikuwa imelikataa muda mrefu. Alikwenda kaburini kwa mwanawe. Alipeleka viatu kwa fundi vikawekwa soli. Makopo yake ya maua aliyokuwa akiyapangia dirishani aliyahamisha moja moja kwa jirani wa ghorofa ya juu, akisema yanaleta mbu. Mwepesi aliona yote hayo na hakuyaona. Mwenye siri huitazama siri yake tu. Alijiambia kwamba mama anazeeka, na wazee wana mambo yao, kisha akaapa kimoyomoyo kwamba Jumapili, potelea mbali, atasema.

Jumamosi saluni ilijaa mpaka watu wakasubiri wamekaa kizingitini. Alirudi jua limezama. Kwenye ngazi alimkuta shemeji yake, yule fundi wa mafriji, amekaa anavuta sigara na kuangalia viatu vyake. Alisimama haraka alipomwona.

"Shemeji," alisema, "mimi nilidhani unajua."

Mwepesi alimpita bila kumwuliza anajua nini. Chumba cha nyuma godoro la bibi lilikuwa limekunjwa na kufungwa kamba. Begi lilikuwa mlangoni. Mama mkwe alikaa kwenye kigoda katikati ya sebule, kilemba kimefunguliwa, nywele zake chache nyeupe zimesimama huku na huku.

"Kaa unisuke," alisema. "Siwezi kuingia nyumbani kwa mtu na kichwa kama kiota. Yule mwanamke atapata la kusema mwaka mzima."

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa mwanangu. Nimealikwa."

Nje kwenye ngazi mwanawe alikohoa. Mwepesi alichukua kitana, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akakaa nyuma yake. Alimgawa nywele njia ya katikati. Ngozi ya kichwa ilikuwa nyembamba, na chini yake aliona mshipa ukipiga. Alisuka msuko mmoja akaumaliza, ndipo akaweza kusema.

"Nilitaka nikwambie kesho."

"Ningelia," alisema mama mkwe, "na wewe ungeahirisha. Ungeahirisha na kuahirisha mpaka huyo mtoto aote mvi hapo saluni."

"Ungeniambia nibaki, ningebaki."

"Ndiyo maana sikukwambia."

Zamani, kabla hajazeeka, mama huyo alikuwa mfagizi wa stesheni ya treni. Hakuwa na desturi ya kuizungumzia kazi ile. Alisema vumbi halina hadithi. Jioni ile aliizungumzia, macho yake yakiwa ukutani.

"Anayepanda treni hana taabu. Ana dirisha lake, ana safari yake. Anayebaki chini ndiye hajui mikono aiweke wapi. Nimefagia miguuni pa watu hao, mwanangu. Treni imeshapotea, mtu bado kasimama. Unamwambia samahani, inua mguu, hakusikii. Mimi nilisimama hivyo siku mumeo alipokwenda. Sitasimama tena. Safari hii naondoka mimi kwanza."

Mwepesi alitaka kumwambia kwamba ndege yenyewe bado, kwamba kuna kusubiri majibu, kwamba kuna miezi. Badala yake vidole vikamsaliti: akavuta. Katika maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumvuta mtu nywele namna ile, na mama mkwe, ambaye alilalamikia hata maji yakiwa maji, hakusema neno.

Binti alirudi kutoka masomo ya jioni akakuta begi mlangoni. Yeye alielewa upesi kuliko wote. Hakupiga kelele, aliushika mwimo wa mlango kwa mikono miwili kama anayezuia nyumba isianguke. Bibi alimwita, akamwambia redio ni yake sasa, abadilishe betri kabla hazijavuja, na kwamba kwa baba yake mdogo redio ipo, tena haizimwi. Msichana alicheka na kulia kwa pamoja. Kisha mama mkwe akajifunga kilemba, akavaa viatu vyenye soli mpya, akashuka ngazi akishika ukuta. Ndala za manyoya aliziacha chini ya kigoda. Hakugeuka nyuma, kwa sababu alikuwa anaangalia pa kukanyaga, au kwa sababu nyingine.

Yaliyofuata hakuna aliyeyatarajia. Majibu hayakuja. Mwezi uliingia, mwezi ukatoka. Mara karatasi hii imekosewa, mara ile imepitwa na wakati, mara ofisi imebadilisha utaratibu. Mwaka mzima ulipita na zaidi, na mwaka huo Mwepesi na binti yake waliishi katika vyumba vile vile, juu ya harufu ile ile, na kitanda kitupu chumba cha nyuma. Jioni Mwepesi alijichotea mwenyewe maji ya beseni. Yalipoa upesi. Wakati mwingine aliyatazama tu, akayamwaga.

Alipoona kusubiri kumekuwa kurefu, alipanda basi akaenda kumchukua mama mkwe. Alimkuta uani, anachambua maharage na kubishana na mke wa shemeji kuhusu mawe: mmoja akisema yameisha, mwingine akiyaonyesha. Mwepesi alipiga magoti mbele yake akamwomba warudi nyumbani, walau mpaka siku ya safari.

Mama mkwe aliendelea kuchambua. "Nikirudi itabidi niondoke tena," alisema. "Na mimi, mwanangu, kuondoka kumeniishia."

Mwepesi hakubishana naye. Alimsuka, akala chakula alichopewa, akarudi. Ndani ya basi alilia mpaka abiria wa pembeni akampa leso, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba marehemu apumzike.

Safari ilipofika walipita kuaga. Ilikuwa kama kuaga mtu ambaye mmeshaagana: hapakuwa na neno jipya. Bibi aliuliza kama huko ni baridi, akawaambia wavae soksi hata wakilala. Alimshika mjukuu wake uso, akamtazama kwa makini, akamwachia. Kisha akasema amechoka, akaingia ndani, na walipokuwa wanatoka getini walisikia akimgombeza mtu jikoni kuhusu sukari.

Ng'ambo kazi ilipatikana, ingawa si ya kusuka mara moja. Mwepesi alianza kwa kuosha vichwa na kufagia nywele sakafuni, katika saluni yenye taa kali na wateja wasiozungumza. Binti aliingia shule, akaishika lugha kabla ya mama yake, akawa ndiye anayemsemea dukani. Lile lililowatoa kwao lilikuwa linatimia, na Mwepesi alijua hivyo, akashukuru. Ila shukrani na huzuni zilikaa ndani yake pamoja kama wapangaji wawili wasiosalimiana.

Simu ya shemeji ilimkuta kazini, mkono ukiwa na povu. Alisema mama amepumzika, alfajiri, hakuumwa sana. Mwepesi alimsuuza mteja wake kwanza, akamfunga taulo, kisha akaenda kwa mwenye saluni. Maneno aliyokuwa ameyajua hadi wakati ule yalikuwa ya kazi: moto, baridi, kaa hapa, samahani. Alisema "samahani" na kuonyesha simu, na yule mwanamke alielewa, akamvua aproni kwa mikono yake mwenyewe.

Jioni alipiga kwa shemeji apate habari zaidi, lakini aliyepokea alikuwa mke wake, yule wa maneno mengi. Mwepesi alijiandaa kusikia orodha ya taabu. Mwanzoni ilikuwa hivyo: alivyokuwa mgumu, alivyokataa dawa, alivyohesabu mawe ya maharage mbele ya wageni. Kisha sauti ikakatika. Alisema ni yeye aliyemwosha, na kwamba wiki ya mwisho bibi alikataa kulala mpaka yeye akae kando ya kitanda aongee, lolote tu, hata umbeya wa majirani.

"Sasa niongee na nani?" aliuliza.

Wake hao wawili wa ndugu hawakuwahi kupendana, na hawakuwa na mazoea ya kupigiana simu. Siku ile hawakukata. Mmoja alilia na mwingine akamsikiliza, kisha wakabadilishana, na binti ya Mwepesi akaja akakaa sakafuni, akaegemea magoti ya mama yake.